Mnyama Si Binadamu Aliyepungukiwa

Simba akionekana nje ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iwe Tuala, Kisaju au kwenye ploti za nyuma ya mji wa Kitengela, maneno huwa yale yale, na hufika kabla ya gari la Shirika la Wanyamapori, KWS. Amepotea njia. Ametoroka mbugani. Si wajenge ukuta tu haya mambo yaishe? Akiwa ameua mbuzi, ni mkaidi. Akikimbia kelele za watu, ni mwoga. Akisimama katikati ya barabara akizikodolea macho taa za matatu, ni mjinga. Swali ambalo lingetangulia haliulizwi na mtu: pale aliposimama, yeye anaona nini?

Haliulizwi kwa sababu jibu linadhaniwa liko wazi. Anaona tunachokiona sisi. Hiyo ndiyo imani ninayoipinga, na ni imani ya watu wote, mwenye digrii na asiye nayo, mfugaji na mwenye ghorofa: kwamba dunia ni moja, ndiyo hii iliyo mbele ya macho yetu, na mnyama anaishi humo pamoja nasi ila amepunjwa akili. Kwa imani hiyo ng'ombe anaona lango kama tunavyoliona, simba anaona ua kama tunavyouona, ndovu anasikia ngurumo ya lori kama tunavyoisikia, kisha wote watatu wanashindwa kuelewa. Lawama inakuwa yao. Kaunti yetu ya Kajiado imeigharimia imani hii kwa mifugo, kwa simba na kwa roho za watu. Ajabu ni kwamba ushahidi wa kuibomoa nao umekusanywa humu humu, kuanzia Empakasi hadi Nguruman.

Tuanze na ng'ombe, maana simba huwapandisha watu mori kabla hoja haijakaa sawa.

Siku ya mnada pale Bisil, simama karibu na mahali ng'ombe wanapopakiwa kwenye lori. Fahali atapanda hatua mbili, tatu, halafu atakwama. Nyuma yake vijana wanapiga kelele, mmoja anamkunja mkia, mwingine anamtandika fimbo za mgongo, na dereva anapiga hesabu ya saa atakayoingia Nairobi. Huyu ni mkaidi, wanasema. Usimtazame fahali, tazama anachokitazama. Mara nyingi utakuta ni kivuli cha vyuma vya lori kilichoanguka juu ya ubao, au mnyororo unaoning'inia ukichezeshwa na upepo, au koti ambalo mtu amelitundika pembeni. Macho ya ng'ombe yamekaa ubavuni mwa kichwa. Humwonyesha karibu kila upande kwa mara moja, lakini ni kipande chembamba tu cha mbele ambacho macho yote mawili hukiona kwa pamoja na kukipima kina. Mstari mweusi juu ya ubao unaong'aa jua haumwambii upesi kama ni kivuli au ni shimo. Ili ajue, sharti ainamishe kichwa, atulie, aangalie. Hilo ndilo alilokuwa akilifanya fimbo ilipomwangukia.

Mtaalamu wa mifugo wa Marekani, Temple Grandin, alijipatia jina kwa kufanya jambo ambalo kila mchungaji angeweza kulifanya bure. Aliingia mwenyewe katika vichochoro vya kupitishia ng'ombe vichinjioni, akatazama kutoka kimo cha macho yao. Akaondoa mnyororo, akaondoa koti, akafuta dimbwi lililorudisha mwanga, akaweka taa mahali palipokuwa na giza. Ng'ombe wakapita. Hakuwafundisha kitu. Kitengela ni mji wa nyama, kila mtu anajua, na wachinjaji wa hapa wanaifahamu nyama nyeusi, ngumu, isiyodumu, inayotoka kwa mnyama aliyehangaishwa hadi akamaliza sukari ya misuli kabla ya kisu. Hasara ile inaandikwa kwenye hesabu ya ukaidi wa fahali, wakati ingetakiwa kuandikwa kwenye hesabu ya mtu aliyetundika koti.

Hapo hakosi mtu wa kuniambia kwamba rangi nyekundu humchokoza fahali, kila mtu anajua. Kila mtu anajua, naam, isipokuwa ng'ombe. Jicho lake lina aina mbili tu za chembe za kupokea rangi pale letu lina tatu, na wekundu tunaouona sisi hauwaki machoni mwake. Kinachomchokoza fahali wa michezo ya Hispania ni kitambaa kutikiswa. Lakini hatukuhitaji kwenda Hispania. Tunao wachungaji wanaoshinda kutwa nzima katikati ya ng'ombe wakiwa wamejitanda shuka nyekundu, na hakuna fahali aliyewahi kuona hapo sababu ya vita. Uthibitisho umepita mbele yetu kila asubuhi ukivuka Barabara ya Namanga, na bado tuliamini sinema.

Mbuzi ninamtaja kwa jambo moja tu, kwa sababu unaweza kulihakikisha leo jioni. Mtazame anapoinama kula. Mboni yake, ule mfito mweusi uliolala, haisimami wima pamoja na kichwa kinapoinama. Jicho lote linajizungusha ndani ya tundu lake ili mfito ubaki sambamba na ardhi. Martin Banks wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley na wenzake walilieleza hilo mwaka 2015. Mfito uliolala humpa mbuzi mandhari mapana ya upeo wa macho, ndiko adui anakotokea, hata mdomo ukiwa umezama majanini. Wewe ukiinama kufunga kamba za viatu, unajua nini kinakuja nyuma yako?

Sasa simba.

Pembezoni mwa mbuga, upande huu wetu wa kusini usio na uzio, mvulana wa Kimasai aitwaye Richard Turere alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake. Simba wakaua fahali pekee waliyekuwa naye. Alikuwa na miaka kama 11 alipoanza kutafuta dawa, na mwaka 2013 alisimama California mbele ya hadhira ya mihadhara ya TED akasimulia alivyoipata. Kwanza alijaribu moto. Akagundua kwamba moto unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akajaribu sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walikuja, wakaiona, wakarudi. Usiku wa pili wakaja, wakaona kitu kile kile mahali pale pale hakijasogea, wakaingia wakaua. Ndipo usiku mmoja alipozunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Akaelewa kuwa wanachokihofia ni mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akazipanga kuzunguka ua ziwe zinawaka na kuzima kwa zamu kana kwamba kuna mtu anazunguka.

Hadithi hii imesifiwa mpaka ikachakaa, na sifa zote zimeangukia mahali pasipo penyewe. Imekuwa hadithi ya kijana wa kijijini aliyejifundisha umeme, akapata ufadhili wa masomo, akapanda ndege. Yote kweli. Lakini indiketa ya pikipiki ipo kila duka la spea Kitengela na haijamfukuza simba hata mmoja. Ugumu haukuwa kwenye waya. Ugumu ulikuwa ni kuacha kufikiri kwa macho ya binadamu. Moto ni ulinzi kwa anayeota moto. Sanamu ni ulinzi kwa kiumbe anayedanganywa na umbo, na kiumbe huyo ni sisi. Ndiyo maana twaweka sanamu za mitindo dukani. Simba hamtambui mtu kwa koti na kofia peke yake. Anamtambua kwa mwendo, kwa harufu, kwa sauti. Sanamu isiyosogea, isiyonuka jasho, isiyokohoa, ni mti uliovaa nguo. Huyo mnyama tunayemwita mjinga alihitaji usiku mmoja tu kulitatua fumbo lile.

Na jicho lake usiku si jicho letu lililokosa taa. Limejaa chembe za kupokea mwanga hafifu, na nyuma ya chembe hizo kuna utando unaorudisha mwanga upite mara ya pili. Ndio unaong'aa ukimmulika na taa za gari. Gharama yake ni kwamba haoni mambo madogo madogo kwa mbali kama wewe, na rangi kwake ni chache. Usiku wa mbalamwezi ambao wewe unapapasa ukuta kutafuta mlango, yeye ametosheka. Basi fikiria ploti ya Kitengela iliyowekewa taa ya mulika mwizi juu ya mlingoti, imetulia tuli kutoka magharibi hadi alfajiri. Aliye ndani ya duara la mwanga haoni kitu nje yake. Aliye nje anaona kila mbuzi. Taa ile tumemwekea mwizi wa miguu miwili, na inamtosha. Kumwekea simba ni kumwandalia meza. (Bili ya stima nayo inakuja mwisho wa mwezi.)

Kwamba taa za kuzimika na kuwaka zinafanya kazi si porojo za jukwaani. Mtafiti Francis Lesilau na wenzake walifuatilia maboma 80 kuzunguka mbuga, 43 yenye taa hizo na 37 yasiyo nazo, kwa rekodi za mwaka 2007 hadi 2016. Maboma yenye taa yalivamiwa mara chache zaidi, kwa tofauti iliyo bayana. Ila yamo mambo mawili ambayo wapenda hadithi tamu hawayanukuu. Mashambulizi yalisogea mbali zaidi na mbuga, kuelekea maboma ambayo hayajawekewa taa. Na kadiri taa zilivyoongezeka, simba walianza kuhamia mchana. Soma hayo mara mbili, halafu uniambie tena habari za mnyama asiye na akili. Simba alitazama hali mpya kwa hisi alizonazo, akapata jibu lake. Sisi tuliweka taa tukarudi kulala.

Nikiwa bado katika uwanda huu, nigusie milia ya punda milia, kwa kuwa hapo ndipo kosa letu linapofundishwa shuleni na kutahiniwa. Mtoto wa Kajiado anafundishwa kuwa milia ni ya kumchanganya simba. Mwaka 2016 watafiti Amanda Melin, Tim Caro na wenzao walipiga hesabu ya kile ambacho jicho la simba linaweza kupambanua. Zaidi ya mita 50 mchana, au mita 30 jua likizama, milia tunayoiona sisi waziwazi ni vigumu kwa simba kuiona. Kwake ni mnyama wa kijivu tu. Na akikaribia kuliko hapo, pua na masikio yake yalishamaliza kazi. Caro na wenzake waliendelea mwaka 2019 kwa kuwavisha farasi wa Uingereza makoti yenye milia: nzi wakali waliwajia farasi hao kama kawaida, lakini walishindwa kutua sawasawa. Inaelekea basi kwamba vazi ambalo watalii wanalipia dola kulipiga picha limeshonwa kwa ajili ya macho ya nzi. Simba hakuwa mlengwa, na sisi hata hatukualikwa.

Nenda kusini zaidi, Amboseli. Huko imani yetu haipigwi kwa hoja tena, inapigwa kwa aibu. Ndovu wa Amboseli wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mwaka 1972, Cynthia Moss alipoanzisha mradi wake, na ndiyo sababu watu wanaweza kuwauliza maswali magumu. Mwaka 2007 Lucy Bates na wenzake waliwawekea nguo. Nyingine zilikuwa zimevaliwa na wanaume wa Kimasai, nyingine na wanaume wa Kikamba, nyingine hazijavaliwa na mtu. Kwa harufu ya nguo za Kimasai ndovu walikimbia upesi zaidi, mbali zaidi, na walichukua muda mrefu zaidi kutulia. Mara nyingi walisimama tu walipofika kwenye nyasi ndefu. Sababu si siri: morani huwachoma ndovu mikuki mara kwa mara, mkulima wa Kikamba si tishio la namna hiyo kwao. Walipoonyeshwa nguo nyekundu zisizo na harufu ya mtu, hawakukimbia, walikasirika. Kwa pua walijua hatari iko karibu. Kwa macho, bila harufu, walijua mwenyewe hayupo.

Mwaka 2014 Karen McComb na Graeme Shannon wakawachezea sauti. Wanaume wa Kimasai na wa Kikamba walirekodiwa wakisema jambo moja, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba kundi la ndovu linakuja. Kwa sauti za Kimasai ndovu walijikusanya, wakanusa hewa, wakaondoka. Kwa Kikamba, chini ya hapo. Kwa sauti za wanawake wa Kimasai na za wavulana, chini ya hapo pia. Watafiti wakaenda hatua zaidi, wakazibadilisha sauti kwa mashine, ya mwanamume ifanane na ya mwanamke na kinyume chake. Ndovu hawakudanganyika. Kwa maneno mengine, mnyama huyu anatusikiliza na kutugawa kwa kabila, kwa jinsia na kwa umri, kisha anapima nani kati yetu ana mkuki. Sisi, tuliokaa naye karne hizi zote, tukimwona tunasema "ndovu", yule na yule wote mamoja. Katika ujirani huu, ni nani hasa asiyemjua mwenzake?

Mfano mwingine ni mdogo kwa umbo, lakini ndio ninaoupenda kuliko yote. Nguruman, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilifanya kazi na Wamasai wa Olkiramatian katika miaka ya 1980 kutafuta namna ya kumpunguza mbung'o bila kumwaga sumu nchi nzima. Wakauliza swali ambalo dawa ya kunyunyiza hailiulizi: mbung'o anatafuta nini, na anakijuaje? Anavutwa na rangi ya samawati kutoka mbali. Anatua kwenye rangi nyeusi. Anafuata harufu ya mkojo wa ng'ombe. Akishanaswa anaruka juu kuelekea mwanga. Basi wakashona mtego wa kitambaa cha samawati na cheusi, wenye chandarua juu, kando yake wakaweka mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mbung'o akaingia kwa hiari yake. Baadaye watafiti wa ICIPE wakatambua kuwa mbung'o hamgusi kuro ingawa anaishi naye, wakaichambua harufu ya kuro, wakaitia kwenye ukosi wa kumvalisha ng'ombe shingoni. Ng'ombe anaonekana ng'ombe kwa kila mtu mnadani. Kwa mbung'o amekuwa kuro.

Mahali popote Kajiado ambapo mtu ameuliza swali hilo, jambo limesogea. Mahali ambapo tumeanza na "mnyama ni mnyama", tumeishia kwenye mikuki. Juni 2012, Ilkeek-Lemedung'i, simba sita waliuawa asubuhi moja baada ya kuvamia zizi la mbuzi na kondoo. Tarehe 30 Machi 2016, Isinya, simba dume aliyeitwa Mohawk alizungukwa na umati, simu zimeinuliwa, akamjeruhi mtu mmoja, akapigwa risasi. Picha za siku ile zilizua mjadala mkubwa kuhusu risasi. Umati haukujadiliwa sana. Lakini mweke pale kiumbe anayekusanya habari kwa masikio kabla ya macho, umzungushie duara la makelele lisilo na mlango, kisha umshangae anapochagua upande mmoja na kutoka kwa nguvu.

Nao usemi wa "kupotea njia", tuumalize hapa. Simba dume kijana hufukuzwa kwenye kundi alilozaliwa akiwa na miaka miwili au mitatu. Anaondoka akifuata mkojo uliopuliziwa vichakani, ngurumo zinazosikika kilomita kadhaa usiku, na harufu ya swala. Ramani hiyo ni ya kweli, na alikuwa akiitumia babu yake kabla ya Kitengela kuwa na jiwe la kwanza la ploti. Inampitisha Tuala. Hajapotea hata kidogo.

Najua wapo watakaonishangilia mpaka hapa kwa sababu zisizo zangu. Hao ni wapenzi wa hisi ya sita. Wao hawamdharau mnyama; wanamtukuza. Mbwa anaona mashetani, paka anajua atakayekufa, ndovu wanazungumza kwa roho. Siwataki upande wangu. Kumwekea mnyama nguvu za kimiujiza ni njia nyingine ya kukwepa kumchunguza. Kwa miaka mingi watu waliona familia za ndovu zilizoachana kwa kilomita zikigeuka upande mmoja kwa wakati mmoja bila sauti yoyote, na maelezo ya ajabu hayakukosekana. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne alisimama karibu na ndovu katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa ikitetemeka kifuani mwake. Akarekodi. Zilikuwa sauti nzito kuliko sikio la binadamu linavyoweza kushuka, chini ya mitetemo 20 kwa sekunde. Yeye na Joyce Poole wakazikuta tele Amboseli. Ndovu walikuwa wakiongea kwa sauti kubwa muda wote. Muujiza uliisha siku mtu alipokubali kwamba sikio lake si kipimo cha ukimya.

Pingamizi zito ni jingine, na silipuuzi. Aprili 2025 simba jike aliingia kwenye makazi ya ranchi moja kando ya mbuga na kumchukua msichana wa miaka 14; mwili wake ulipatikana karibu na Mto Mbagathi. Mtu aliyefiwa hana haja ya kusomewa habari za utando wa jicho. Atasema binadamu kwanza, na nitamwunga mkono bila kigugumizi. Ninachokataa ni kudhani kuwa kumjua simba ni kumpendelea. Daktari anayejifunza tabia za mbu hajahamia kambi ya malaria. Anayeishi ukingoni mwa mbuga ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua simba anamwonaje mtoto aliyeinama, anamsikiaje mbuzi usiku, harufu gani inamvuta na mwanga gani unamtia shaka. Hizo habari zipo. Anazozipata badala yake ni ahadi ya ukuta.

Kuna pia pingamizi la wanafalsafa, ambalo Thomas Nagel aliliweka vizuri mwaka 1974 alipouliza kuwa popo kunakuwaje, akajibu kwamba hatuwezi kujua kwa ndani. Sawa. Turere hakujua kuwa simba kunakuwaje. Alijua simba anakimbia nini.

Wengine watasema wazee wa Kimasai walishajua yote haya. Walijua mengi, kwa hakika zaidi ya wapimaji wa ardhi waliokuja baadaye. Mchungaji mzuri hapeleki ng'ombe kichakani bila kuangalia upepo unatoka wapi. Lakini ujuzi ule ulijengwa kwa nchi iliyokuwa wazi. Haukuwahi kukutana na taa za viwanda vya EPZ, malori ya saruji ya Athi River, wala nyaya za ploti ya futi hamsini kwa mia. Kuusifu majukwaani huku tukikata vipande nchi iliyouzaa ni unafiki.

Turudi basi kwenye ukuta, maana ndiko mambo yanakoelekea. Mbuga ina kilomita za mraba 117 tu. Ilipotangazwa mwaka 1946 haikukusudiwa kuwa boma. Nyumbu na punda milia walitoka kupitia kusini wakati wa mvua kwenda kuzaa na kupata malisho katika uwanda wa Athi-Kapiti, wakarudi kiangazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu hao walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kufikia miaka ya 2010 walibaki elfu chache. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, jambo la busara lililoshindwa kukimbizana na bei ya ploti. Kisha rasimu ya mpango wa mbuga wa 2020 hadi 2030 ikataja uzio upande wa kusini, na wengi mjini wakapiga makofi: hatimaye mnyama ataonyeshwa mwisho wake.

Ataonyeshwa kwa lugha gani? Uzio ni habari ya macho na ya ngozi. Hauzuii harufu ya zizi kuingia mbugani, hauzuii mlio wa ndama, hauzuii mwanga wa mulika mwizi. Ukijengwa bila kugusa hivyo vingine, simba atakuwa upande mmoja akiitwa usiku kucha na kila kitu kilicho upande wa pili, na siku mvua ikibomoa nguzo moja, tutasema amepotea njia. Sisemi uzio haufai kamwe. Nasema mtu anayeupendekeza hajaulizwa hata mara moja ameupima kwa hisi za nani.

Na hili la kupima si methali. Limo kwenye sheria. Kanuni zetu za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, ambazo miradi nchini hupimwa nazo, iwe reli au kiwanda, hutumia zaidi desibeli za aina A. Kipimo hicho kilitengenezwa kufuata sikio la binadamu, hivyo kila sauti inavyozidi kuwa nzito ndivyo kinavyoipunguzia alama. Ikishuka hadi mitetemo 20 kwa sekunde, hupunguziwa takriban desibeli 50. Maana yake, mtambo unaweza kunguruma siku nzima ndani ya masafa ambayo ndovu wa Amboseli huyatumia kuitana, na karatasi ya tathmini ikaonyesha kimya, ikapigwa muhuri wa mamlaka ya mazingira, NEMA. Kubadilisha hilo hakuhitaji ukuta wala mabilioni. Vifaa vingi vya kupimia sauti vina kitufe cha kuondoa ule mchujo wa A. Kikao cha maoni ya umma kitakapoitwa tena hapa Kitengela, iwe ni kuhusu uzio au mradi mwingine wowote, wenye tathmini waje na namba zilizopimwa kitufe hicho kikiwa kimebonyezwa, na ramani ya mwanga wa usiku pamoja nazo. Wasipokuja nazo, kikao kiahirishwe.